Koko Nalari Alipoomba Kuingia Chumba cha Uzazi

Siku mliponiaga mlinipa kitenge, saa ya ukutani na nafasi ya kusema maneno machache. Nikasema machache kweli, kwa sababu pilau lilikuwa linapoa. Baadaye wakunga wawili wapya mkanifuata nje mkaniuliza ilikuwaje kule Usangu miaka ya sabini, kabla ya semina na mabango, na mtu alianzia wapi kuzungumzia ukeketaji. Nikasema nitaandika. Ya vyeo sitaandika. Hayo mtayakuta kwenye faili langu, kama panya hawajalimaliza.

Mimi ni wa Mafinga. Baba alikuwa mpasua mbao, nami nilisomea uuguzi na ukunga Iringa mjini. Nilipomaliza nikapangiwa zahanati moja bondeni Usangu, mbele ya Rujewa, kijiji ambacho sitakitaja kwa sababu ninaowaeleza wana watoto na wajukuu pale. Lori la mbao lilinishusha njia panda, lori la mpunga likanichukua hadi Rujewa, na kilichobaki nikakimaliza kwa miguu, sanduku kichwani, viatu mkononi, maana njia yote ilikuwa tope jeusi linalovuta kama mdomo wa ndama.

Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu, na mwenye zahanati, kwa maana ya kila kitu isipokuwa makaratasi, alikuwa mganga msaidizi aitwaye Mzee Rashidi. Alikuwa mtu wa Iringa mjini, ukoo wa wafanyabiashara waliopanda kutoka pwani zamani, mwembamba, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko pasi. Nilimwamkia, akaitika, akaniuliza swali moja.

"Binti, unajua kufungua jiko la mafuta ya taa likiziba?"

Nikasema sijui.

"Basi mikasi yako utaichemshia wapi?"

Siku yangu ya kwanza kazini niliimaliza nikiwa nimechuchumaa mbele ya jiko, sindano nyembamba mkononi, masizi hadi kwenye nyusi. Chuoni tulikuwa na mtambo wa kuchemshia vyombo unaowaka kwa swichi. Nawaambia hivi ili mjue kwamba mkipelekwa mahali, kabla ya kuuliza wagonjwa, ulizeni moto unatoka wapi.

Vifaa vyangu vilikuwa fetoskopu ya mbao, ile tarumbeta ndogo unayoiweka tumboni kwa mama usikie mapigo ya mtoto, mikasi miwili, mizani ya kuning'inia, beseni za bati, na glavu ambazo tulizifua, tukazianika na kuzipaka unga kama maandazi. Wagonjwa wengi walikuwa Wasangu wa pale pale, Wahehe na Wabena walioshuka kulima mpunga. Wafugaji waliotoka kaskazini, Wamasai, walikuwa na maboma yao upande wa mbuga. Walituletea watoto wenye homa. Wajawazito hawakutuletea.

Nikamuuliza Mzee Rashidi kwa nini.

"Wana mkunga wao," akasema. "Koko Nalari. Koko ni bibi. Ukitaka kujua zaidi, nenda kamwamkie. Lakini uliza ng'ombe kwanza. Usianze na watu."

Tulikwenda pamoja siku ya kuchanja watoto. Aliyetupokea ni mkwe wa Koko, mama aitwaye Naserian, ambaye aliuza maziwa Rujewa na kwa hiyo alijua Kiswahili cha sokoni, chepesi na chenye mzaha. Yeye ndiye aliyenifundisha kujibu "iko" mtu akinisalimu "takwenya", na yeye ndiye aliyekuwa ulimi wetu miaka yote iliyofuata. Koko Nalari alikuwa amekaa kwenye kigoda, mrefu hata akiwa amekaa, masikio yake yenye matundu mapana yakiwa yamebeba shanga. Niliuliza ng'ombe. Akanijibu kwa kirefu kuliko nilivyotarajia. Kisha, kwa kuwa nilikuwa msichana wa ishirini na kidogo, nikashindwa kungoja.

Nilikwisha kusikia kwamba mikono ile ile iliyozalisha ndiyo iliyotahiri wasichana. Tulisema hivyo wakati ule, tohara ya wasichana; neno ukeketaji sikulisikia chuoni. Kwetu Wahehe jambo lile halikuwapo, na mwalimu wetu wa ukunga alilitaja kwa sentensi moja akaendelea na upungufu wa damu. Nilitaka kujua, basi.

"Koko, kwa nini mnawakata?"

Mzee Rashidi akakohoa. Naserian alinitazama, akasita, kisha akatafsiri. Bibi yule hakukasirika. Alinyoosha kidole kwenye kofia yangu ya unesi.

"Hicho cheupe kichwani ulipewa na nani?"

"Walimu wangu. Siku ya kumaliza."

"Kabla hujapewa ulikuwa nani?"

"Mwanafunzi."

"Ndiyo hivyo. Na msichana ni mwanafunzi mpaka apewe."

Nilirudi na jibu hilo zahanati. Wengine wangelichukua kama ukaidi. Mimi nililiona ni jibu la mtu anayefikiri, na nikatamani kuzungumza naye tena.

Nafasi ilikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeitaka. Masika ya mwaka uliofuata, maji yakiwa yamefunika njia, mkokoteni wa ng'ombe ulifika asubuhi ukiwa na binti aitwaye Namnyak, mimba ya kwanza, uchungu tangu juzi yake. Koko Nalari alikuwa amekaa nyuma yake akimshikilia mgongo. Kwa Koko kumleta kwetu, nilijua kwamba alikwisha kujaribu kila alichokijua.

Niliweka fetoskopu. Mapigo ya mtoto yalikuwapo, lakini yalikuwa ya kuchoka. Kichwa kilikuwa kimeshuka vizuri, nyonga ya mama haikuwa na tatizo, na bado mtoto hakutoka, kwa sababu palipotakiwa kutanuka palikuwa na kovu gumu, na kovu halitanuki. Mzee Rashidi aliniita pembeni tukaulizana kuhusu kumpeleka Mbeya. Gari halikuwapo, na njia hamkuiona ninyi. Tukafanya wenyewe. Nilipanua njia kwa mkasi, kwa ganzi kidogo tuliyokuwa nayo, na mtoto akatoka. Wa kiume, mzito, mzuri. Hakulia. Nilimfuta, nikampulizia, Mzee Rashidi akachukua zamu yake, nikachukua tena yangu. Hatimaye yeye ndiye aliyenishika bega.

Namnyak tulimshona, na damu tukaizuia. Akaishi. Alilala akitazama ukuta, na mumewe, kijana aliyekuwa amesimama uani kwenye mvua bila kukubali kuingia barazani, alimpokea mtoto ndani ya shuka akaenda kumzika.

Nilikuwa naosha beseni Koko Nalari alipokuja na Naserian.

"Anauliza mtoto alikuwa na ugonjwa gani," Naserian akasema.

"Hakuwa na ugonjwa. Alikuwa mzima."

"Mama yake je?"

"Naye mzima. Ni kovu. Pale palipokatwa hapafunguki."

Koko aliitazama mikono yake, si kwa kuigiza kama kwenye michezo ya redio, alikuwa anaitazama tu kama mtu anayekagua jembe. Halafu akauliza, na Naserian akanipa maneno yake taratibu.

"Anasema, Wasangu hawakati. Anauliza, wao wanafunguka?"

"Mara nyingi, ndiyo."

"Anasema anataka kuona."

Nikafikiri sikusikia vizuri. Koko akarudia mwenyewe, kwa Kiswahili chake. "Mimi nataka kuona. Kwa macho."

Mzee Rashidi alisema uamuzi si wake wala wangu, ni wa mama anayejifungua. Kwa hiyo nikaanza kuwauliza akina mama, na wengi walikataa, jambo la haki kabisa. Wa kwanza kukubali alikuwa Mama Yusta, Msangu mwenye watoto wengi na maneno mengi zaidi. "Mwache aingie," akasema, "mradi asiniguse, na akae nimwone." Koko alichuchumaa pembeni, shuka lake limekusanywa magotini. Mama Yusta alijifungua huku akimweleza, kati ya uchungu na uchungu, makosa ya mume wake. Mtoto alitoka bila kuchana chochote. Koko alisogea, akainama, akatazama muda mrefu, akatoka nje.

Alirudi. Alirudi masika yale na kiangazi kilichofuata, kila alipopata habari kwamba kuna mama wa Kisangu au Kihehe anakaribia. Alitazama wa mimba ya kwanza na wa mimba ya saba. Aliona pia wasiotahiriwa wakichanika, na hakuliacha lipite, alinigeukia akasema, "Huyu je?" Nami nikamweleza ukweli kwamba mtoto mkubwa huchana hata pasipo kovu. Aliitikia kwa kichwa, akaridhika kwamba sidanganyi. Nawaomba mkumbuke hapo. Ningejaribu kumfanya aone nilichotaka mimi, angeondoka na asingerudi.

Hakuishia chumbani. Alikaa barazani na akina mama wanaongoja mizani akawahoji. Je, waume zao wanawaheshimu? Je, maziwa wanayokamua wao watu wanakunywa? Je, wanatoroka na wanaume wengine? Naserian alitafsiri haya akiwa amejifunika mdomo kwa kanga. Mama mmoja wa Kibena alijibu kwamba kutoroka kunataka nguvu, na yeye akitoka shamba la mpunga hana nguvu ya kutoroka hata mpaka kwa jirani. Baraza zima lilicheka, Koko naye, baada ya kutafsiriwa.

Mimi pia nilijifunza kwake. Chuoni nilifundishwa mama alale chali. Koko alinionyesha mama akipiga magoti ameshika kamba ya darini, na jinsi uchungu uliokwama unavyoweza kuendelea. Nilijaribu. Msimamizi wa ukunga alipokuja kukagua alikuta kamba inaning'inia akaniuliza ya nini. Nikasema ya kuanikia glavu, na huo haukuwa uongo mzima.

Siku moja tulikuwa tunakunywa chai, nikamrudishia swali lake la kofia.

"Koko, ile kofia upepo uliipeperusha ikaanguka mferejini. Sasa nazalisha bila kofia. Bado ni nesi."

Alifikiri. "Lakini walikuvika mbele ya watu. Wazazi wako waliona?"

"Waliona."

"Hiyo haikwenda mferejini."

Nadhani hapo ndipo alipoanza kuyatenganisha mambo kichwani mwake. Kulikuwa na kunyolewa nywele, kulikuwa na maziwa ya baraka, nguo mpya, mafundisho ya akina mama, mji mzima kushuhudia. Na kulikuwa na kisu. Alianza kuwauliza wazee wenzake ni kipi kati ya hivyo kinachomfanya msichana awe mwanamke. Naserian alisema kila mmoja alitoa jibu lake, na waligombana kwa raha sana.

Basi akaja ofisa kutoka serikalini. Alikuwa mtu mwema, mwenye haraka. Aliitisha mkutano, akapanda juu ya kreti la soda, akasema mila ile ni ya gizani, ni marufuku, na atakayeonekana atakamatwa. Wanawake wa Kimasai walisikiliza wametulia kabisa. Nikajua mkutano umeharibika, maana hawa ni watu wa kubishana wakijali.

Baada ya siku chache Naserian alifika na kibuyu cha maziwa ambacho hakukitua.

"Wameharakisha tohara," akasema. "Ilikuwa mpaka mavuno. Sasa wanasema mwezi huu, ng'ombe wakishuka mbugani, kabla serikali haijarudi. Na Nasieku yumo."

Nasieku alikuwa binti yake wa kwanza, ndiyo kwanza amevunja ungo, msichana mcheshi aliyependa kupima watoto wa wenzake kwenye mizani yetu.

"Nesi, mchukue. Mpeleke kwenu Mafinga. Sema ni mdogo wako."

Nilitaka kumchukua. Nilikwisha kuwaza lori gani na siku gani. Mzee Rashidi, aliyekuwa anahesabu vidonge mlango wa pili, alikuja akakaa nasi.

"Mama Nasieku," akasema, "wako wangapi?"

"Wanne."

"Nesi Oliva hapa akimchukua mmoja, hao watatu watakatwa kesho yake, na hakuna mama wa kwenu atakayekanyaga hapa tena. Na binti yako atarudi lini? Atarudi kwa nani?" Alisubiri. "Sisemi usiogope. Nauliza, mama mkwe wako anasemaje?"

"Hajasema."

"Umemwuliza?"

Hakuwa amemwuliza. Mkwe hamhoji mama wa mumewe kwa jambo kama hilo. Angalau yeye hakujua namna ya kuanza. Alikaa pale na kibuyu mapajani mpaka chai tuliyompa ikapoa. Kisha akasema, "Nitamwuliza leo."

Sikuwapo alipouliza. Naserian aliniambia tu kwamba Koko alimjibu, "Nilikuwa nangoja mmoja wenu aseme." Siku ya pili niliitwa bomani. Wanawake walikuwa wamejaa ndani ya nyumba ya Koko, moshi unauma macho, nikaketishwa karibu na mlango kama mgeni anayeruhusiwa kusikia. Naserian alininong'oneza maneno kadiri yalivyosemwa.

Koko alisema, "Mimi sikati tena."

Halafu akasimama mama mmoja mnene mwenye sauti, Nolari, ambaye binti yake mkubwa alikuwa mmoja wa wale wanne. "Serikali imekutisha, koko."

"Serikali haijui hata nyumba yangu ilipo. Nimeona mwenyewe. Nimetazama wanawake wakizaa masika na kiangazi. Mtoto wa Namnyak alikuwa mzima. Mkono wangu ulimfungia njia kabla mama yake hajaolewa."

"Basi tutamwita mwingine, ng'ambo ya mto."

"Mwite," Koko akasema. "Na siku ya kuzaa mwite huyo huyo."

Mpaka leo sijasikia hotuba fupi kuliko hiyo iliyofanya kazi kubwa kiasi kile. Kila mwanamke mle ndani alikuwa amezalishwa na Koko Nalari au alitegemea kuzalishwa naye. Nolari alibaki amesimama. Mwingine akauliza kwa sauti ndogo, "Na wanaume tutawaambia nini?"

Namnyak alikuwa nyuma. "Waambieni mimi," akasema. "Waambieni waende kwa mume wangu wamwulize alizika nini."

Walizungumza mpaka jua likageuka. Mwisho wakakubaliana kwamba wasichana watanyolewa, watavikwa, watafundishwa, watabarikiwa kwa maziwa, na Koko mwenyewe atasimama mbele ya watu aseme hawa sasa ni wanawake. Kisu hakitakuwapo, na hakutakuwa na kuficha. Kuficha, Koko alisema, ni kwa watu waliokosea.

Lemayan, baba yake Nasieku, alipoambiwa na Koko, mama yake, aliuliza kama sherehe itakuwapo. Itakuwapo. Dume atachinjwa? Atachinjwa. "Hayo mengine ni ya wanawake," akasema. "Yamekuwa ya wanawake siku zote." Nilipomsimulia Mzee Rashidi alicheka hadi akavua miwani.

Lakini msidhani mambo yalinyooka. Nolari na mumewe walihama na ng'ombe wao kuelekea ng'ambo ya mto kabla ya sherehe, na huko binti yao akakatwa. Waliporudi alikuwa amekonda, haangalii watu. Nilimtibu kidonda na sikumsema mama yake neno, ingawa maneno yalikuwapo. Familia iliyokuwa imemposa Nasieku ilituma wazee kusema haimtaki tena. Lemayan hakuongea na mkewe kwa muda, na wanawake wengine waliacha kufuatana na Naserian kwenda sokoni; alitembea peke yake mbuga nzima na vibuyu vyake. Koko naye alikosa heshima ya mahali alipokuwa anaketishwa kwenye sherehe za maboma ya mbali. Nilimwuliza kama anajuta. Akasema alikuwa anajiuliza hilo mwenyewe, nikipata jibu nimwambie.

Nasieku aliolewa baadaye na kijana wa boma la upande wa Igawa, ambaye dada yake alikufa akizaa, na ambaye hakuuliza maswali mengi. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea mwisho alipoletwa kwetu, mimba ya kwanza, siku ya jua kali. Mzee Rashidi alikwisha kustaafu; mimi ndiye niliyekuwa nafungua jiko na kufundisha wengine. Nilipotoka kuchota maji nikakuta uwanja wa zahanati umejaa wanawake wa Kimasai. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wamekaa kimya wakitazama mlango.

Ndani, Nasieku alipiga magoti, kamba mkononi, bibi yake nyuma yake amemshika kiuno. Naserian hakuweza kukaa ndani wala nje, akawa anapita mlangoni. Nilisikiliza mapigo, yalikuwa ya nguvu. Alisukuma, akapumzika, akasukuma, na mtoto wa kike akatoka analia kabla hajamaliza kutoka. Nilikagua kwa taa, nikakagua tena kwa sababu sikuiamini furaha yangu. Hakuchanika hata kidogo. Nilimwonyesha Koko, naye akatazama kwa utaratibu ule ule kama siku ya Mama Yusta, kisha akaketi sakafuni, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyetoka safari.

Wanawake waliingia wawili wawili kumwona. Wa mwisho alikuwa Nolari, peke yake. Alisimama miguuni pa kitanda. Hakumtazama mtoto.

"Umechanika?" akamwuliza Nasieku.

"Hapana, yeyo," akasema, yaani mama.

Nolari akashika nguzo ya kitanda. Kisha akanigeukia, na kwa Kiswahili, ambacho sikujua kwamba anakijua, akasema polepole, "Nesi. Yule binti yangu mdogo, bado."

Akajifunga vizuri shuka lake, akatoka.